Mac au ThinkPad ya mtumba? Ulinganisho wa mtu aliyechoshwa na mashabiki wa tufaha

Nikiri mapema, usije ukanishika mbele ya safari: siwapendi mashabiki wa Apple, kampuni ya nembo ya tufaha inayotengeneza Mac. Kompyuta zenyewe nazivumilia, nyingine hata nazionea wivu, lakini shabiki akikaa kwenye meza ya kahawa na kuanza "ukishazoea Mac hurudi nyuma", mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna mtu nilimwahidi kumpigia simu. Basi soma ulinganisho huu ukijua umeandikwa na mwenye kinyongo. Nimejitahidi kukiweka kinyongo pembeni pale penye vipimo. Penye mashabiki sikujisumbua.

Kilichonifanya niandike ni wapwa zangu wawili. Mmoja anaanza chuo, mwaka wa kwanza wa uhasibu. Mwingine amechoka kushika kamera za watu na anataka kupiga na kuhariri video za harusi kwa jina lake mwenyewe. Walinijia wiki moja, na wote walikuwa wameshapewa jibu kabla ya swali: "Shikamoo mjomba. Eti watu wanasema nichukue Mac?" Watu gani? Nilipochimba, watu wakawa mtu mmoja, yuleyule kwa wote wawili, anayefanya kazi kwenye ofisi yenye jenereta, intaneti ya bure na fundi wa kuajiriwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Shabiki hakuulizi unasoma nini, unalala wapi, umeme wenu ukoje, wala kompyuta ikizima ghafla utampelekea nani. Yeye anajibu kuhusu maisha yake.

Nalinganisha mashine mbili tu. Ya kwanza ni MacBook Air yenye prosesa ya Apple yenyewe, yaani kuanzia M1 iliyotoka Novemba 2020. Ya pili ni ThinkPad T480 ya Lenovo, ya 2018, ile nyeusi isiyo na sura, inayokuja kwa mafungu kutoka maofisi ya Ulaya na Dubai na kupangwa madukani Kariakoo kama matofali. Utasema si haki kulinganisha mpya na kuukuu. Lakini mtu mwenye hela yake mkononi ndivyo anavyochagua: achukue Mac moja kwa kujinyonga, au achukue mtumba na abaki na ya kulipia chumba.

Bei uliyoambiwa na bei utakayolipa

MacBook Air ya M4 ilipotangazwa Machi 2025, bei yake Marekani ilikuwa dola 999, ikiwa na memori ya GB 16 na hifadhi ya GB 256. Ikifika kwetu kila aliyeishika njiani ameshaongeza chake. Tuache hilo. Shida ni kwamba GB 256 hazimtoshi mtu wa video hata kwa harusi mbili, na kuzifanya 512 ilikuwa dola 200 nyingine, ambazo ilibidi uzitoe siku hiyohiyo ya kununua. Memori na hifadhi vimeshikamana na mashine moja kwa moja. Hakuna kusema nitaongeza mwakani.

Kwenye T480 unafungua skrubu chache za chini na kukuta nafasi mbili za memori na diski inayochomoka. Mwanafunzi ananunua yenye GB 8, boom la mkopo wa chuo likiingia anaongeza nyingine 8, na mwaka wa tatu anabadilisha diski. Mashine inakua pamoja na mfuko wake.

Apple hawakuwa hivi tangu zamani. Mac nyingi za nyuma zilifunguka na kuongezwa memori. Mwaka 2012 ilipotoka MacBook Pro ya kioo cha Retina, memori ikawa imechomelewa na betri imegandishwa kwa gundi, na iFixit, wale wa kufungua vifaa na kuvipa alama, wakaipa 1 kati ya 10. Mashabiki wakasema ndiyo gharama ya wembamba. Mwaka 2023, mkubwa mmoja wa Apple akasema GB 8 za Mac ni kama GB 16 za mashine nyingine. Mashabiki wakaikariri hiyo kama aya. Oktoba 2024 Apple wenyewe wakafanya GB 16 ndiyo kiwango cha chini, na sikusikia hata mmoja akirudi kuniomba radhi.

Umeme ukikatika

Hapa nameza mate. Kwa M1 Apple walitangaza hadi saa 15 za kuvinjari intaneti na 18 za kutazama video, na hata ukikata theluthi nzima ya tangazo, bado ThinkPad nyingi za mtumba haziikaribii. Haina feni, haipigi kelele, haikuchomi mapaja, na haipungui kasi ukichomoa waya. Aliyepitia mgao wa mwishoni mwa 2023 anajua thamani ya jambo hilo kuliko Mmarekani yeyote aliyeandika kuhusu Mac. Nilikuwa na tarehe ya mwisho ya kazi siku moja ya mgao ule, mashine yangu ikafa saa sita mchana. Mwenye Mac kando yangu aliendelea kuandika mpaka magharibi. Sikumsemesha.

T480 ina majibu yake, ila ni ya kifundi. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka bila skrubu, na ile ya nje kubwa kabisa ni ya Wati-saa 72. Ukinunua ya pili ukaiweka begini, unabadilisha huku mashine ikiendelea kuwaka. Lakini inakuwa nzito, na kupata betri isiyo feki ni kazi nyingine ya siku nzima. Kama unaishi mahali umeme unapotea mara tatu kwa wiki na huna namna nyingine, Mac inashinda.

Kwa fundi

Kompyuta hapa kwetu haifi kwa uzee. Inauawa na chai, vumbi, na umeme unaorudi kwa hasira.

Kibodi ya T480 ina mifereji ya kupitisha maji yaliyomwagika, na ikiharibika inabadilishwa peke yake. Lenovo wanaweka kitabu cha matengenezo wazi mtandaoni, chenye picha ya kila skrubu, na mafundi wengi hawahitaji hata kukifungua kwa sababu wameshaifungua mashine hiyo mara mia. Spea zipo kwa kuwa maiti zipo: moja imevunjika kioo, nyingine imeungua ubao, fundi anazichanganya unapata nzima. Diski unaichomoa, unaitia kwenye kasha la USB, na andiko lako la chuo lipo palepale hata kama mashine imekuwa mkaa.

Kwenye Mac mpya hifadhi imefungwa kwa fumbo linalotegemea chipu ya mashine hiyohiyo. Ubao ukifa, data zinakufa nao, labda ubao ufufuke. Kwa usalama ni jambo zuri, mwizi hapati kitu. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuhifadhi nakala popote ni msiba. Kibodi imepigwa riveti kwenye bamba la juu, kwa hiyo chai ya shilingi mia tano inaweza kukugharimu nusu ya kompyuta.

Na utampeleka nani? Apple hawana duka lao wenyewe hata moja barani Afrika. La karibu kwa mtu wa Dar au Mombasa liko Falme za Kiarabu. Mawakala walioidhinishwa wapo katika miji kadhaa, na wapo mafundi huru hodari, Kariakoo na pale Luthuli Avenue Nairobi, wanaochomelea chipu chini ya hadubini kwa utulivu wa mtahiri. Nawavulia kofia. Lakini ni wachache na wanajua kwamba ni wachache, na bei yao inakwambia hivyo. Mpango wa Apple wa kumuuzia mteja spea ajitengenezee ulianza Marekani Aprili 2022 ukafika Ulaya Desemba mwaka huohuo. Ukiwa Tabora huo ni habari ya kusoma tu.

Nisiwatupie Apple peke yao mzigo. Ugonjwa wa kuchomelea memori umeambukiza wengine wengi. Hata ndani ya ukoo wa ThinkPad, X1 Carbon memori yake haitoki. Ndiyo maana nasisitiza T480 na si "ThinkPad" kwa jumla. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, mwambie asante na uendelee kutembea.

Unafanyia nini

Mhasibu: Tally, programu ya kuandikia hesabu, ni ya Windows, na maofisi mengi atakayoenda kufanya mafunzo kwa vitendo yanaitumia. Mac zenye prosesa za Apple haziwezi tena kuwashwa kwa Windows moja kwa moja kama zile za zamani za prosesa ya Intel. Itabidi utafute programu ya kuiendesha Windows ndani ya Mac, na hapo umenunua nyumba ya ghorofa ili ulale uani. Mchora majengo anayetegemea Revit, na mtu wa ramani wa ArcGIS Pro, hadithi ni hiyohiyo: zote mbili ni za Windows tu.

Upande wa pili, Final Cut Pro ya video na Logic Pro ya muziki haziji kabisa kwenye Windows, na anayetengeneza programu za iPhone hana ujanja, lazima awe na Mac. Video zenyewe ndipo prosesa hizi zinapoonyesha makucha. Faili za kamera za leo zinazoifanya T480 kupiga mluzi kama birika, M1 inazipitisha bila kuhema. DaVinci Resolve ipo pande zote na toleo lake la bure linatosha harusi nyingi, lakini kwenye T480 utalala na kuamka ukisubiri.

Wa kuandika, kusoma, barua pepe na mikutano ya mtandaoni, mashine zote mbili zinakutosha. Tofauti utakayoiona ni ya kamera: ya T480 inamfanya kila mtu aonekane ametoka kuuguza.

Kiswahili: Windows, walau ile ya 10, uliweza kuipa sura ya Kiswahili; macOS, mfumo wa Mac, sijaiona ikipewa. Walioitumia ni wachache, najua, maana tumezoea kubofya Kiingereza. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi za Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo mtu asiniambie lugha yetu haiingii kwenye kompyuta.

Flashi na projekta

Mac haishtushwi na vile virusi vya flashi vya kwenye maduka ya kuchapisha, vinavyogeuza mafolda yako yote kuwa njia za mkato. Hilo ni raha. Lakini diski ya nje iliyoandaliwa kwa NTFS, ule mpangilio wa Windows, ambazo ndizo zimejaa kwetu, Mac inaisoma tu, haiiandiki. Na kwenye semina mwenye MacBook Air utamjua bila kuona tufaha: ndiye anayezunguka akiuliza "jamani, nani ana adapta?" T480 ina HDMI, ina USB za kawaida, ina mpaka tundu la waya wa mtandao.

Mtumba na kufuli

Hapa soma taratibu, hasa kama umeshaamua kwamba Mac mpya huiwezi na utachukua iliyotumika.

Jirani yangu alinunua MacBook nzuri kwenye duka fulani, bei ya kuokota. Ikafanya kazi miezi miwili. Siku aliyoifuta aanze upya, ikamdai idhini ya kampuni moja ya Ulaya. Ilikuwa mali ya kampuni hiyo bado, kwa mujibu wa mashine yenyewe, na hakuna fundi aliyeweza kuishawishi vinginevyo. Leo inazuia mlango usibamizwe na upepo.

Mac za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, na zote zenye prosesa za Apple, zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mmiliki. Muuzaji atakuonyesha mashine ikiwaka, picha nzuri ya milima, kila kitu shwari. Hiyo haitoshi. Mwambie aifute yote mbele yako, iunganishwe na intaneti, ianze kuandaliwa kama mpya, mpaka uone skrini ya kazi bila kudaiwa akaunti ya mtu wala idhini ya kampuni. Akisema "hiyo utaitoa baadaye", weka hela mfukoni. Angalia pia idadi ya mizunguko ya betri. Apple wenyewe wanaikadiria kwa mizunguko 1000.

Halafu epuka Mac za Intel, ambazo ndizo zinazouzwa rahisi. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel, na nyingi kati ya hizo hata hiyo hazikuipata. Nyingi za kati ya 2016 na 2019 zina balaa la ziada, ile kibodi ya kipepeo, ambayo punje ya vumbi ilitosha kukwamisha herufi. Miaka yote hiyo mashabiki walikuwa wakituambia tusile juu ya kibodi. Mwaka 2022 Apple walikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya kibodi hizo, kwa wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani. Aliyenunua Kariakoo alibaki na brashi yake.

T480 nayo ikaguliwe. Iwashe huku ukibonyeza F1; ikidai nenosiri la usimamizi, iache. Na usikubali T470 kwa jina la T480, maana Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ambacho T480 nyingi zinacho. Microsoft nao wana dhambi zao, na kuzigeuza kompyuta nzima kuwa takataka kwa sharti la karatasi ni kubwa mojawapo. Linux, mfumo wa bure, inaziokoa, ila Tally haiji nayo.

Sasa mashabiki

Watu wa pwani wana tunda wanaloliita tufaa, jekundu, jepesi, lenye maji mengi na ladha ya waridi, halihusiani na hili la Ulaya lililong'atwa. Huwa nalikumbuka kila ninaposikia sifa za Mac: umbo zuri, harufu nzuri, na ukiuma unauliza mbona limeisha.

Agosti 1997, Boston, Apple ilikuwa karibu kuzama. Steve Jobs akawaambia mashabiki wake ukumbini kwamba Microsoft wanaweka dola milioni 150 kuisaidia, na sura ya Bill Gates ikatokea kwenye skrini kubwa. Wakazomea. Anayewaokoa wasizame, wanamzomea kwa sababu ya jezi. Mimi ni Yanga, naielewa hali hiyo, lakini sijawahi kumwambia mtu akope benki kwa sababu ya Yanga.

Oktoba 2021 Apple waliuza kitambaa cha kufutia kioo kwa dola 19, na foleni ya kukisubiri ikawa ya wiki kadhaa. Kitambaa. Mwaka 2019 walitangaza stendi ya skrini, stendi peke yake, dola 999, na hapo hata mashabiki ukumbini walisikika wakiguna. Nilifurahi siku hiyo kuliko inavyofaa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mac ya M1 inajiuza kweli, kwa betri yake tu. Sasa kwa nini mnaitembeza, tena kwa mtoto wa uhasibu ambaye Tally yake haitafunguka?

Walichochukua

Wa uhasibu alichukua T480 yenye GB 8. Kwa hela iliyobaki alinunua betri ya pili, diski ya nje ya kuhifadhia nakala na begi, na bado alitupeleka kula chipsi. Rafiki zake wanamcheka kwamba anatembea na mashine ya benki. Wakikwama na adapta wanamfuata yeye.

Wa harusi alichukua MacBook Air ya M1 iliyotumika, yenye hifadhi ya GB 512. Ndiyo, mimi ndiye niliyemshauri. Kazi zake anazimalizia ukumbini baada ya jenereta kuondoka, na hakuna mtumba wa Windows wa bei ile unaobeba mzigo huo. Duka la kwanza lilikataa kuifuta mashine mbele yetu. La pili walikubali, ikadai akaunti ya mtu. La tatu ilipita. Tulifika nyumbani saa mbili usiku tukakuta diski zake zote nne za kazi za nyuma ni NTFS, na tukakesha kwenye T480 ya ndugu yake tukizihamisha moja baada ya nyingine.